Goba yenye uwanja au Sinza ghorofani? Jibu kwa baba wa watoto wawili

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Mimi nauza vifaa vya umeme Kariakoo, mke wangu ni nesi, anaingia shifti hospitali moja huku Kinondoni. Tuna watoto wawili, mkubwa anatimiza miaka 6 na Januari anaanza darasa la kwanza, mdogo ana miezi 10, ndo anatambaa. Tumechoka na chumba na sebule. Tumepata nyumba mbili. Moja iko Goba, nyumba nzima, vyumba vitatu, fensi, uwanja mkubwa, laki 4 kwa mwezi. Nyingine Sinza, ghorofa ya pili, vyumba viwili na balkoni, laki 4 na nusu. Wote wanataka kodi ya miezi 6. Wife kaipenda ya Goba mpaka hasikii, mimi roho yangu iko Sinza. Kwa kulea watoto ipi nzuri?"

Marahaba mdogo wangu, na shemeji msalimie. Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kukagua nyumba. Mtu anataka kununua au kupanga ananichukua kabla hajatoa hela, mi nagonga kuta, nafunua chemba, napanda darini, alafu namwambia nilichokiona na dalali ananinunia. Huu mwaka wa 19 sasa. Kwaiyo ntakujibu kama vile nimesimama na wewe getini.

Ukiniuliza ipi nzuri kwa vyumba ni Goba, hilo halina mjadala, laki 4 nyumba nzima na fensi mjini utaitafuta mpaka uchoke. Ila nyumba ya watoto mimi siku hizi sianzi na vyumba. Naanza na saa. Huyu mtoto ataamka saa ngapi, na baba akirudi atamkuta macho au kalala? Hilo somo nimelilipia ada mwenyewe.

Mwaka 2014 nilihama mjini nikaenda kupanga pembeni huko, mtaa siutaji, nyumba ina uwa mpana na miembe miwili, mmoja nikafunga bembea ya tairi la gari. Nilijiona baba kweli kweli. Binti yangu alikuwa darasa la pili na shule tukamwacha kule kule mjini maana alishazoea. Basi la shule likawa linampitia yeye wa kwanza kwa kuwa ndo anakaa mbali kuliko wenzake wote, saa 11 kasoro robo alfajiri honi iko getini. Yaani saa 10 na nusu tumeshamwamsha, na kumwamsha kwenyewe ni jina tu, nilikuwa namvalisha soksi amelala, naingiza mkono mmoja wa sweta natafuta mwingine, kichwa chake kiko begani kwangu, mama yake anamnywesha uji na yeye anameza macho yamefumba. Jioni anashushwa wa mwisho, saa 12 na kitu. Haikuisha miezi miwili mwalimu akatuita, mtoto anasinzia kuanzia kipindi cha kwanza, kwani huko nyumbani kuna shida gani? Na ile bembea, unajua aliyeibembea nani? Watoto wa jirani. Wao walikuwa wanasoma shule ya msingi ya mtaani pale pale, saa 9 mchana wako juu ya tairi langu wanapiga kelele. Binti yangu siku ya Jumamosi alikuwa analala mpaka saa 5 asubuhi, akiamka anaangalia bembea kama ya mtu mwingine. Kodi ilivyoisha tukarudi mjini kwenye vyumba viwili.

Sasa chukua siku yako uiweke juu ya hizo nyumba mbili. Duka Kariakoo unafunga saa 12 jioni, tuseme unatoka 12 na nusu. Goba ni kilomita 20 na ushee kutoka hapo, utapanda mwendokasi mpaka Kimara, uunge Mbezi, kutoka Mbezi daladala au boda, au uzunguke na Mwenge upite Makongo, na vyovyote utakavyopita hilo ni saa 2 na nusu usiku siku njema, siku ya mvua saa 4. Mdogo kalala. Mkubwa kama yuko macho basi anakusubiri wewe huku anadondoka. Sinza unafika saa 1 na dakika zake, mtoto bado anakula, unamuuliza shule mmefundishwa nini anakujibu "sijui", sawa, lakini kakujibu. Alafu shemeji yuko shifti. Akiingia ya usiku na wewe uko barabarani, pale Goba kuanzia jioni mpaka saa 3 mwenye nyumba ni dada wa kazi, peke yake na mtoto anayetambaa. Hilo mmeliongea na shemeji? Mara nyingi watu wanaongelea tailizi na rangi ya jikoni, hili hawaliongei mpaka lishatokea la kutokea.

Ila nimtendee haki shemeji, maana hoja yake sio ya mchezo. Mtoto anatakiwa akanyage udongo, akimbie, aanguke, na ghorofani hakuna udongo. Goba ingegeuka kuwa jibu kwa vitu viwili tu: shule ya mkubwa iwe huko huko Goba, anatembea kwa miguu na hakati barabara kubwa ya lami, na shemeji awe amepata kituo cha kazi cha karibu, amepata kweli kwa barua, sio "nimeshaongea na matron". Vikiwepo hivyo viwili basi wewe ndo utakuwa wa mbali peke yako, na mtu mzima mmoja akiumia na foleni familia inaenda. Visipokuwepo, uwanja wa Goba utakuwa wa watoto wa jirani kama bembea yangu.

Haya twende kwenye ukaguzi wenyewe, naanza na Sinza kwa sababu ndo inanitisha zaidi kwa huyo wa miezi 10.

Ukifika usisimame. Piga magoti. Najua suruali itachafuka, dalali atacheka, mwache acheke. Mtoto wako anaishi kwenye urefu wa goti lako na huko chini kuna nyumba nyingine kabisa ambayo wewe hujawahi kuiona. Utaona soketi zilivyo usawa wa mdomo wake, kona ya tailizi iliyochongoka, mlango wa choo usiojifunga, ndoo. Ndoo ya maji bafuni ni kitu cha hatari kuliko ngazi kwa mtoto anayejishikilia kusimama, anainama kuchungulia, kichwa ndo kizito, anaingia kichwa na hawezi kujitoa, wala hapigi kelele. Maji kidogo tu ya chini ya ndoo yanatosha. Kwaiyo bafu liwe na kitasa cha juu, na jioni ndoo zinamwagwa au zinafunikwa, basi.

Alafu nenda balkoni na kopo tupu la maziwa ya unga, lile la gramu 400, nadhani kwako yapo. Upana wake ni kama sentimita 10. Lipitishe katikati ya vyuma vya balkoni. Likipita, na mwanao atapita, kwanza mwili na mwisho kichwa ndo kinakwama, au hakikwami. Sentimita 10 ndo kipimo ambacho wajenzi wengi duniani wanakifuata kwa sababu hiyo hiyo. Angalia pia vyuma vimelala au vimesimama. Siku hizi kuna hii fasheni ya vyuma vya kulala, mistari minne mitano, inapendeza kwenye picha, mi naiita ngazi ya kupanda kaburini, samahani kwa maneno hayo ila nshaona mtoto wa miaka mitatu yuko juu ya mstari wa tatu anaita muuza ubuyu. Urefu wake nao usipungue mita 1 na kidogo, kwa mtu mzima ni juu ya kiuno. Na usiweke kiti wala kreti la soda balkoni, hata kama vyuma ni vizuri.

Madirisha yana grili, sawa, wezi. Ila grili zote zikiwa zimechomelewa na mlango ni mmoja tu, moto ukianzia jikoni mnatokea wapi? Mwambie mwenye nyumba angalau grili moja ya chumba cha kulala iwe ya kufunguka, na kufuli, na ufunguo unaning'inia ukutani pale ambapo mtu mzima anafika gizani bila kutafuta na mtoto hafiki. Sio ghali, fundi wa kuchomelea ni nusu siku.

Joto. Ghorofa ya pili kama juu yako kuna zege la ghorofa ya tatu una bahati, wa juu kabisa ndo anayepikwa na bati. Lakini nenda saa 10 jioni uweke kiganja kwenye ukuta wa chumba cha watoto, ukuta unaotazama magharibi. Ukiwa wa moto saa hiyo jua litaendelea kutoka ndani ya ukuta mpaka saa 5 usiku, mtoto analia, mnadhani meno. Chumba chenye madirisha pande mbili kinapitisha upepo, chenye dirisha moja mtanunua feni na LUKU itawajua. Umeme wewe ni mtu wa kazi hiyo, sikufundishi, angalia tu kama kuna waya wa athi kweli, ule wa kupeleka umeme ardhini, au soketi zina matundu matatu kwa urembo, na mita iwe yenu wenyewe, mita ya kuchangia ni ugomvi wa kila wiki.

Sinza ina neema zake. Ni mtaa uliopimwa, tangu ile miradi ya viwanja ya miaka ya 70, kwaiyo barabara zipo, gari la zimamoto au la wagonjwa linafika mlangoni, na hospitali ya Palestina iko hapo hapo, na mtoto mdogo mwenye homa usiku wa manane umbali ni kila kitu. Kasoro yake ni usiku. Sinza na baa ni ndugu. Usiende kuiona saa 4 asubuhi siku ya Jumanne kama dalali alivyokupangia, mtaa wote mtulivu utadhani nyumba ya masista. Nenda Jumamosi saa 4 usiku, simama chini ya lile dirisha dakika 15. Ukisikia maneno ya wimbo na sio mdundo tu, mwanao hatolala na shemeji akitoka shifti ya usiku hatolala mchana. Na uliza Mto Ng'ombe uko umbali gani na hiyo nyumba, wewe uko juu ghorofani maji hayakufikii, lakini geti, mita, tanki na mtoto anayetoka shule viko chini.

Sasa Goba. Goba ni ya milima na mabonde, nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko, na mvua za masika zinachimba makorongo yanayosogea kila mwaka. Zunguka nyuma ya fensi, usiishie kwenye uwanja. Angalia msingi wa ukuta wa upande wa bondeni kama udongo umeshaondoka, nondo zimeanza kuchungulia. Fensi inayoegemea huku upande wa pili kuna shimo la mita mbili haizuii kitu, inasubiri tu mvua na mtoto anayeegemea kucheza rede. Ukuta ndani ukikuta umepakwa rangi mpya mita moja ya chini tu, huku juu rangi ya zamani, jiulize wanaficha mstari gani. Kwangua kidogo na ufunguo, ukitoka unga mweupe wenye chumvi ukuta unanyonya maji kutoka chini, na chumba hicho kitakuwa na ukungu, mtoto mwenye kifua atakohoa mwaka mzima mnahangaika na dawa.

Na maji ya mvua usimuulize dalali. Dalali analipwa mwezi mmoja wa kodi mkishahamia, hana sababu ya kukwambia. Muulize mama ntilie wa kona ile, au vijana wa bodaboda, na usiulize "huku kuna mafuriko?" maana watasema hamna, kila mtu anautetea mtaa wake. Uliza "masika maji yaliishia wapi?" Mtu atakunyooshea kidole, "pale kwenye ule mnazi". Disemba 2011 maji yaliua watu hapa Dar, bonde la Msimbazi lilijaa, serikali ikahamishia waathirika Mabwepande, na wengi walikuwa wamejenga ndani ya njia ya maji yenyewe. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwaiyo nyumba ikiwa ndani ya hizo mita 60 hata kama bado ni kavu, toka, usiichambue zaidi.

Maji ya kunywa. Uliza DAWASA inatoka siku ngapi kwa wiki, kisha hakikisha na jirani. Kama ni kisima, nawa mikono na sabuni pale pale. Povu likikataa ni maji ya chumvi, mtakuwa mnanunua ya boza au madumu kwa kupikia uji wa mtoto, hiyo ongeza kwenye kodi ndo utajua bei halisi ya hiyo laki 4. Kisima na shimo la choo viachane angalau mita 30, na hesabu shimo la jirani pia, ng'ambo ya fensi, watu wanalisahau hilo.

Na sasa chemba na tanki la chini, hapa nakuomba unisikilize. Miaka kadhaa nyuma nilikagua nyumba ya kupanga kwa familia yenye watoto watatu, uwanja mzuri, umesakafiwa sehemu. Mwenye nyumba anaongea sana. Nikapita na nondo yangu nagonga sakafu hatua kwa hatua, ko, ko, ko, nikafika sehemu ikaitika kama ngoma. Nikamwambia tufunue. Anasema hapo hamna kitu. Tulivyokwangua, chini ya plasta ya unene wa vidole viwili kulikuwa na mbao iliyooza, na chini ya mbao shimo la choo la zamani, halijajazwa, lina maji. Juu yake palikuwa na alama za chaki, wapangaji wa kabla yake watoto walikuwa wanachezea kombolela na kuruka vibuyu hapo. Nilikaa chini. Tangu siku ile sikagui uwanja bila nondo. Kwaiyo na wewe tafuta kipande cha nondo, gonga uwanja wote, mfuniko wa chemba uwe wa zege nene yenye nondo ndani na mtoto hawezi kuuinua, tanki la maji la chini liwe na mfuniko wenye kufuli. Na usiusimamie mfuniko kuupima, watu wanafanya hivyo.

Mapipa, matairi na ndoo zilizosimama na maji uwanjani nazo zimwagwe. Mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia na anang'ata mchana, mtoto akiwa macho anacheza, neti ya usiku haimhusu. Dar tumeugua dengi 2014 na tena 2019.

Kitu kingine nisichopenda kukiandika ila ntaandika. Goba umesema "nyumba nzima". Je uani kuna kibanda, chumba kimoja cha nje, na kuna mtu anakaa? Nani? Mlinzi wa mwenye nyumba, mpwa wake, mpangaji wa bei ndogo? Ufunguo wa geti wanao wangapi? Watoto wako watashinda na mtu huyo na dada wa kazi kila siku na nyie hampo. Sisemi ni mtu mbaya, nasema lazima umjue jina, kwao wapi, na uende kwa mjumbe uulize anamfahamu. Sinza pia, nani wako ngazi moja na nyie, milango inatazamana. Shemeji aende peke yake siku moja aongee na akina mama wa pale, wanawake wanaambizana vitu ambavyo mimi na wewe hatutoambiwa.

Hukumu yangu. Kwa hali uliyonipa, shule haijulikani na shemeji bado yuko Kinondoni, nachukua Sinza. Ila siichukui leo. Naichukua kopo likikwama kwenye vyuma, au mwenye nyumba akikubali kuongeza vyuma vya kusimama kabla hamjahamia, na grili moja ikafunguliwa, na Jumamosi usiku kukiwa na mdundo tu bila maneno. Hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya ile milioni 2 na laki 7 kutoka mfukoni, pamoja na tarehe. Mwenye nyumba anasikia vizuri sana kabla ya hela, baada ya hela simu inaita tu. Akigoma, usihamie Goba kwa hasira, tafuta nyumba ya chini, ndogo, Mabibo au Makuburi au Kijitonyama ndani ndani, hata kama ina uwa wa kuanikia nguo tu. Mtoto wa miezi 10 uwa wa mita nne kwake ni uwanja wa taifa. Na udongo aliosema shemeji nao usipotee, Jumapili wapelekeni watoto ufukweni wakachimbe mchanga mpaka wachoke.

Na shemeji asione ameshindwa. Mwambie Jumatatu moja aamke saa 10 na nusu usiku, atoke na huyo mkubwa kuelekea Goba, alafu warudi mjini kwa muda wa shule, siku moja tu kama majaribio, kabla hamjalipa popote. Wewe Jumamosi saa 4 usiku uwe Sinza na kopo lako. Mkishafanya niandikie, nataka kujua kopo limepita au limekwama.